Mpenzi wa Muziki na Deni la Msanii: Mapokezi ya «Kid A» ya Radiohead

1. Suala

Uhakiki wa sanaa katika Kiswahili umeshughulika zaidi na mtunzi na utungo wake. Msomaji au msikilizaji hutajwa mwishoni, kana kwamba kazi yake ni kupokea tu alichopewa. Hata hivyo, historia ya sanaa ina nyakati ambapo hadhira hukataa, na kukataa huko kukawa sehemu ya maana ya kazi yenyewe. Nyakati hizo huonekana bayana katika muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, kila bendi inayopendwa inapoiacha sauti iliyoijengea jina. Makala haya yanakusudia kulipima dai la mpenzi wa muziki katika hali hiyo. Je, msanii ana deni lolote kwake? Kama analo, ni deni la namna gani? Mfano mkuu ni bendi ya Radiohead na albamu yake «Kid A» iliyotoka Oktoba 2000. Bob Dylan na Metallica watatajwa kwa ajili ya kulinganisha.

2. Mpenzi si mnunuzi

Lugha yenyewe inaanza kutufundisha. Mtu anayeifuata bendi, akazijua nyimbo zake na majina ya wapigaji wake, Kiswahili humwita «mpenzi» wa bendi hiyo, neno lilelile linalotumika kwa mchumba. Anayenunua unga dukani hawi mpenzi wa unga. Akiona umeharibika huenda duka la pili, na jambo limekwisha. Mpenzi wa muziki hafanyi hivyo. Hubaki akinung'unika, hukisikiliza tena na tena kile anachosema kwamba hakipendi, hukilinganisha na cha zamani, hubishana na wenzake. Msamiati wa malalamiko yake ni wa ndoa na wa imani: kusaliti, kuasi, kutelekeza, kurudi. Mhakiki anayemdharau mtu huyu kwa kumwita mkaidi asiyependa mapya hajaeleza lolote. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mabadiliko ya ala za muziki yanaumiza kama mabadiliko ya tabia ya mtu wa karibu.

3. Upeo wa matarajio na jina

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, mtaalamu wa fasihi Hans Robert Jauss alitoa hotuba iliyoifanya dhana ya «upeo wa matarajio» ijulikane sana. Kwa maelezo yake, hakuna msomaji anayeifikia kazi mpya akiwa mtupu. Huja na kanuni za utanzu anaoufahamu pamoja na kumbukumbu za kazi alizokwisha kuzisoma. Kazi mpya huweza kuutimiza upeo huo au kuuvunja, na umbali uliopo baina ya viwili hivyo ni kipimo kimojawapo cha thamani ya kisanaa.

Dhana hii inafaa, ila yahitaji kuongezewa jambo moja. Katika muziki wa bendi, upeo haujengwi na utanzu peke yake, hujengwa pia na jina. Ushahidi unapatikana hata katika muziki wa Kongo. Zaïko Langa Langa ilipoundwa Kinshasa mnamo Desemba 1969, iliziweka kando tarumbeta na saksafoni zilizokuwa zikisikika katika okestra za waliotangulia, kama African Jazz na OK Jazz, ikategemea magitaa, ngoma na sauti za waimbaji. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, lakini hakuna aliyeweza kuiambia Zaïko kwamba imeisaliti sauti yake, kwa sababu haikuwa na sauti ya awali ya kusaliti. Tendo hilohilo, likitendwa na bendi yenye umri wa miaka kumi, lingeitwa uasi. Basi kinacholalamikiwa si sauti mpya yenyewe, bali sauti mpya chini ya jina la zamani. Jina la bendi limekuwa ahadi, hata kama hakuna aliyeitamka.

4. Newport, Manchester, na nywele za Metallica

Tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la nyimbo za kienyeji la Newport, Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme pamoja na wapigaji wenzake. Baadhi ya wasikilizaji walizomea. Hadi leo watafiti wanabishana kama walizomea umeme, ubovu wa vipaza sauti, au ufupi wa onyesho. Tukio la Manchester, tarehe 17 Mei 1966, lina uzito zaidi kwa mjadala huu. Katika ziara hiyo Dylan aliimba sehemu ya kwanza akiwa peke yake na gitaa lisilo la umeme, na sehemu ya pili na bendi. Karibu mwisho wa sehemu ya pili, mtu mmoja ukumbini alipiga ukelele: «Yuda!» Wakati huo nyimbo zake za umeme zilikwisha kuuzwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Waliokuja kumzomea hawakushtukizwa. Walinunua tiketi ili waje kulalamika mbele yake.

Sababu yao haikuwa ya masikio tu. Dylan alikuwa ameimba Washington mnamo Agosti 1963, katika maandamano ya kudai haki za Weusi, na gitaa lisilo la umeme lilikuwa alama ya kusimama upande wa watu wa kawaida. Umeme ulisikika kama lugha ya biashara. Aliyemwita Yuda hakukosoa lahani, alimshtaki kwa kuhama upande.

Miaka thelathini baadaye, Metallica ilitoa albamu «Load», Juni 1996. Bendi hiyo ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1980 kwa kasi na ukali wa magitaa. Sasa mwendo ulipungua, harufu ya bluzi ikaingia, na wanamuziki wakaonekana pichani wamekata nywele. Wapenzi wengi waliviunganisha viwili hivyo katika lalamiko moja. Wapo waliocheka kwamba nywele hazipigi gitaa. Lakini kwa kijana aliyedhihakiwa shuleni au mtaani kwa sababu ya nywele zake ndefu, nywele za bendi zilikuwa ushahidi kwamba hayuko peke yake. Ushahidi ulipoondolewa, yeye alibaki na dhihaka zake. Lalamiko lake ni la kweli. Hata hivyo halisemi chochote juu ya ubora wa nyimbo, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kutenganisha mambo mawili: jeraha la mpenzi, na hukumu juu ya kazi. La kwanza laweza kuwa halali bila kulithibitisha la pili.

5. «Kid A»: maudhui yanapogeuka fani

Radiohead ni bendi ya watu watano kutoka eneo la Oxford, Uingereza. Albamu yake ya tatu, «OK Computer» ya mwaka 1997, iliifanya iwe miongoni mwa bendi za roki zilizosifiwa kuliko zote za wakati huo. Magitaa matatu na sauti ya juu ya Thom Yorke vilikuwa saini yake. Wapenzi walisubiri miaka mitatu. Walichopewa ni albamu isiyotanguliwa na wimbo wowote wa kuuzwa peke yake, inayofunguka kwa kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji iliyokatwakatwa, bila gitaa. Katika wimbo wa pili sauti hiyo imepitishwa katika mashine hata maneno hayashikiki. Katika wa tatu, kundi la wapiga tarumbeta na saksafoni linagongana kwa makusudi. Wa nane umejengwa juu ya midundo ya mashine na kipande kilichochukuliwa katika utungo wa kompyuta wa Paul Lansky wa mwaka 1973.

Waliosema kwamba bendi imeiacha asili yake hawakusikiliza vizuri kazi iliyotangulia. «OK Computer» ilikwisha kuzungumzia binadamu anayemezwa na mashine, mwendo kasi na maisha ya ofisini, na ndani yake mlikuwa na kipande kizima kinachosomwa na sauti ya kompyuta. Mwaka 1997 habari hiyo ilisimuliwa kwa magitaa na kwa sauti ya mtu mzima aliyesimama nje ya mashine akiishtaki. Mwaka 2000 mshtaki mwenyewe yumo ndani ya mashine, na sauti yake imekwisha kuguswa nayo. Kilichokuwa maudhui kimekuwa fani. Hii ni hatua ya pili ya fikra moja, nayo ni ngumu zaidi kuisikiliza kwa kuwa haimpi msikilizaji mahali salama pa kusimama.

Ni kweli pia kwamba albamu hiyo haikufunga milango yote. Wimbo wa nne una gitaa la kawaida, nyuzi za okestra, na sauti ya Yorke jinsi ilivyojulikana. Wa sita ni wimbo wa magitaa ambao ungeweza kukaa katika albamu za zamani. Msikilizaji mgeni hupitia milango hiyo, kisha hurudi kwenye nyimbo ngumu akiwa amebadilishwa masikio. Hapa ndipo deni la msanii linapoonekana. Hadaiwi kurudia. Anadaiwa kuonyesha njia, hata ikiwa nyembamba.

6. Hoja ya mtu aliyechoka

Pingamizi kubwa halikutoka kwa vijana wenye hasira. Mwandishi wa riwaya Nick Hornby, aliyekuwa akihakiki muziki katika jarida la The New Yorker mwaka 2000, alidai kwamba kazi ya namna hii humtaka msikilizaji awe na subira na muda ambao mtu mwenye kazi na watoto hana. Hoja hii haifai kupuuzwa, hasa chuoni, ambako kusoma na kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Sanaa inayohitaji kusikilizwa mara kumi huweza kugeuka mali ya wenye nafasi.

Lakini hoja hiyo inaelekea upande wa pili pia. Mtu aliyechoka anahitaji faraja, naye anayo tayari, kwa kuwa albamu za zamani hazikuchukuliwa kutoka kwake. Kudai kwamba kila kazi mpya iwe faraja ileile ni kuhukumu kwamba mchovu hataki kamwe kushangazwa, na hilo halimheshimu. Mapokezi yenyewe yanatahadharisha. «Kid A» ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo Uingereza na Marekani, na kwa Radiohead ilikuwa mara ya kwanza kufika hapo Marekani. Mwaka 2009 jarida la Rolling Stone liliiweka juu ya albamu zote za mwongo huo. Takwimu za mauzo hazithibitishi ubora, lakini zinakanusha dhana kwamba umati huukimbia ugumu kila mara.

7. Funzo kwa uhakiki wa Kiswahili

Wasomaji wa Kiswahili wameyapitia mambo haya bila gitaa. Euphrase Kezilahabi alipotoa «Kichomi» mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapo waliokana kwamba hayo ni mashairi. Mwandishi huyohuyo, baada ya riwaya nne za uhalisia kuanzia «Rosa Mistika» (1971) hadi «Gamba la Nyoka» (1979), alitoa «Nagona» (1990) na «Mzingile» (1991), ambamo wakati, mahali na wahusika havishikiki tena kwa njia iliyozoeleka. Waliomjua kwa jina waliingia na upeo mmoja wakakuta mwingine. Maswali yaliyoulizwa juu ya Radiohead yanafaa kuulizwa hapa. Je, umbo jipya limezaliwa na swali lililokwisha kuulizwa katika kazi za awali? Je, kuna mlango kwa msomaji wa zamani? Wasiwasi juu ya maana na ukweli, uliokuwamo tayari katika «Kichwamaji» (1974), unajibu swali la kwanza. La pili bado lina mabishano, na ni mabishano yenye manufaa.

Methali mbili hupingana katika suala hili. «Mwacha asili ni mtumwa» ndiyo hoja ya mpenzi. «Ngoma ikilia sana hupasuka» ndiyo hoja ya msanii. Mhakiki hana ruhusa ya kuchagua mojawapo kabla ya kusikiliza, maana asili ya msanii huweza kuwa lile swali linalomsumbua, wala si chombo alichokitumia kuliuliza mara ya kwanza. Mpenzi anayelalamika anastahili kuombwa jambo moja tu: aseme ni nini hasa kilichopotea, je, ni kasi, ni sauti, ni upande wa kisiasa, au ni wenzake wa ujana? Akilisema hilo kwa usahihi, atakuwa amekwisha kuanza kuhakiki.