Mgeni Amchague Mwenyeji: Uhakiki wa Neno "Seva"

Facebook ilipofungwa nchini Uganda Januari 2021, watumiaji wa Kasese na Bwera, wasiokuwa na VPN, walibaki nje: mlango ulikuwa mmoja. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, ina milango mingi. Lakini mgeni hukutana na chaguo la "seva", neno lisilomweleza kitu, na hapo wengi husita.

Darasani sisi walimu hutumia mfano wa simu: mwenye laini ya MTN Kasese humpigia wa Airtel aliyeko Bwera. Mfano huo unafaa, ila unaficha jambo. Mwenye seva hutunga kanuni, anaweza kukata uhusiano na seva nyingine, hata kuifunga yake. Mtumiaji akihama huweza kuhama na wafuasi. Maandishi yake hubaki alikotoka.

Kwa hiyo tunapendekeza "mwenyeji". Hata mchuuzi wa Mpondwe ajua kwamba kila nyumba ina kanuni zake, na kwamba mgeni hana hati ya nyumba. "Seva" ni sahihi kiistilahi, lakini haimtahadharishi msomaji. Istilahi inayomwacha msomaji gizani haijakamilisha kazi yake.