Filta Mbili za Mjomba

Filta nzuri ya nje huwezi kuisikia. Mjomba wangu wa Sori, huku Karungu, mwalimu mstaafu wa fizikia, huikagua yake kwa kiganja. Hupiga goti mbele ya kabati lililobeba tangi la samaki, akafungua mlango, akaweka mkono juu ya mfuniko wa mtungi mweusi wa filta na kutulia kama mkunga aliyeshika tumbo la mja mzito. Mtetemo ukiwa laini, anafunga mlango na kurudi kwenye chai yake. Akihisi mkwaruzo, anajua impela ya pampu imemeza chembe ya mchanga, na chai hiyo itapoa.

Tangi lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60. Ndani yake wamo furu zaidi ya hamsini. Sisi Waluo tunawaita fulu. Wavuvi wa Karungu wakipita kusalimia hucheka. Ziwa Viktoria hilo hapo, mawimbi yanasikika hadi sebuleni, na mwalimu mzima analipia stima kuwasafishia maji samaki wanaouzwa kwa mafungu. Wakishamaliza kucheka huvuta viti na kuangalia, na sijaona aliyeondoka kabla ya nusu saa.

Mgeni akiona wingi ule husema samaki wamebanwa. Wamebanwa kweli, tena kwa makusudi. Dume la furu lina roho ya mwenye shamba: huchagua jiwe lake na kumfukuza kila anayesogea. Wakiwekwa sita tu, hasira yote humwangukia mnyonge mmoja mpaka afie pembeni. Wakiwa hamsini, hasira hiyo hugawanyika, kila mmoja akapata kipande kidogo anachoweza kukistahimili. Mjomba amenunua amani kwa msongamano, na anayelipa deni la msongamano ni filta.

Deni lenyewe ni amonia, inayotoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye chakula kinachooza. Ubaya ni kwamba amonia huzidi ukali kadiri maji yanavyokuwa na joto na alkali, na furu hupenda maji ya aina hiyohiyo. Wanaoidhibiti ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishikiza mahali penye vitundu na maji yanayopita, na huchukua wiki nne hadi sita kuzoea makao mapya. Kwa hiyo anayenunua filta hasa ananunua nyumba ya wapangaji wasioonekana. Pampu ni mlango tu.

Mjomba alipokuwa akitafuta filta ya kununua, nilimwonyesha kwenye simu Fluval FX6, nikadhani nimemaliza kazi. "Mjomba, hii inasukuma lita 3500 kwa saa. Na wanasema inatosha tangi la lita 1500. Lako halifiki hata nusu."

"Shuka chini kidogo, mpwa wangu. Soma mstari unaofuata."

Nikashuka. Lita 3500 ni za pampu ikiwa haina kizuizi. Ukishaijaza sponji na kokoto, kampuni yenyewe inaandika 2130. Mjomba akachukua kalamu. Tangi likijaa hadi ukingoni ni lita 648. Ondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, zibaki kama 550. Gawanya. Maji yote hayapiti kwenye filta hata mara nne kwa saa, na kwa furu hamsini yeye anataka mara saba au nane. Zile lita 1500 za kwenye boksi, alisema, ni za mtu mwenye samaki wanne na picha ya bahari ukutani.

Nilidhani basi atatafuta pampu kubwa zaidi. Hapana. Alitaka filta mbili. Sababu si hesabu ya lita peke yake. Sababu ni Karungu. Stima huku hupotea bila kuaga. Ikipotea, maji yaliyofungwa ndani ya mtungi husimama, na bakteria huendelea kuvuta oksijeni mpaka iishe. Baada ya saa kadhaa wanaanza kufa, na mtungi unageuka kuwa choo. Kisha stima hurudi saa tisa za usiku watu wamelala, pampu inajiwasha, na uozo wote unamiminwa kwa samaki. Mjomba alishapoteza furu wengi kwa usiku mmoja wa namna hiyo. Tangu hapo, giza likiingia ghafla, kabla hata ya kutafuta mshumaa anachomoa plagi zote mbili na kuwasha pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Stima ikirudi hawashi kitu mpaka anuse. Mtungi ukinuka kama yai bovu, maji yake yanamwagwa nje na sponji inasuuzwa kwanza. Ukiwa na mitungi miwili unaweza kuosha mmoja leo na mwingine baada ya wiki tatu, na wakati wote kuna nyumba moja yenye wapangaji.

Nilimtazama akiosha wa kushoto. Anafunga vali mbili za mipira, anageuza kiungio, na mtungi unatoka ukiwa na maji yake bila tone kuanguka sakafuni. (Vali hizo, aliniambia, ndizo za kukagua dukani kabla ya rangi na kabla ya jina.) Ndani kuna tabaka: sponji ya vitundu vikubwa inayopokea uchafu mzito, sponji nyororo, halafu mfuko wa wavu uliojaa vipande vya yale mawe mepesi tunayosugulia visigino. Wengine hununua vigae maalumu vya kauri kwa bei ya mbuzi, lakini bakteria hawasomi lebo. Sponji anaikamua kwenye ndoo ya maji aliyoyachota tangini, wala si ya bomba, maana klorini ya bomba ingewaua haohao anaowatunza. Hukamua mara mbili tu. Maji ya ndoo yalikuwa rangi ya kahawa, na migomba iliyapokea kwa furaha.

Chini ya mfuko wa mawe tulikuta watoto watatu wa furu, kila mmoja kama punje ya mchele, wakiogelea gizani. Mama wa furu hutunza mayai na vifaranga mdomoni. Akiwatema karibu na bomba la kuvuta, wadogo hunyonywa. Mjomba aliwachota kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja. Jioni hiyo alivisha mdomo wa bomba kipande cha sponji, akikiri kuwa alipaswa kukivisha tangu siku ya kwanza.

Kisha akaupaka mpira wa mfuniko grisi ya silikoni, kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Si Vaseline, maana mafuta ya petroli huweza kuuvimbisha mpira. Alianza na filta ya bei rahisi ambayo sitaitaja, na mpira wake ulipochoka hakukuwa na duka lolote lenye kipuri. Aliamka asubuhi akakuta zulia limekunywa robo ya tangi.

Ziwa nalo lina filta yake. Upande wa kusini wa Karungu, Mto Kuja unaingia ziwani. Ukifurika, maji ya pwani yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mafunjo yanayobaki kwenye vinamasi vyake hufanya kazi ileile ya sponji ya kwanza: hupunguza kasi ya maji, tope likatua. Kila shamba linalofyekwa humo ni tabaka moja limetolewa mtungini. Kwa furu, tope hilo ni jambo zito. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science wakionyesha kwamba maji yakiwa machafu, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zilizo karibu huanza kuchanganyika. Mmoja wa furu maarufu katika tafiti hizo ni Pundamilia nyererei, samaki mwenye jina la Kiswahili na la Mwalimu Nyerere kwa pamoja. Ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za ukoo huu. Mbuta (sangara), aliyeletwa miaka ya 1950, alizifagia nyingi kufikia miaka ya 1980, na baadhi ya zilizosalia zilipelekwa kwenye matangi ya Marekani na Ulaya zihifadhiwe huko.

Tukirudi tangini, filta haiondoi nitrati. Kwa hiyo kila Jumamosi Mjomba anabadilisha theluthi moja ya maji kwa mpira na ndoo, na hakuna mashine iliyomwondolea kazi hiyo. Ukitaka kufuga furu wengi, nunua filta mbili za wastani badala ya moja kubwa, zote za aina moja ili vipuri viingiliane. Na kabla hujatoa pesa, muulize mwenye duka kama ana mpira wa mfuniko wa akiba. Akisema hana, rudisha pochi mfukoni.