Siasa ya El-Salahi imo kwenye ngumi au kwenye mti?

Sisi wahakiki tuna mazoea mabaya. Tukishaambiwa kwamba msanii fulani aliwahi kufungwa, kazi zake zote tunazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi “za kisiasa”, na hizo ndizo tunazozifundisha. La pili ni zile alizofanya, ati, akipumzika: miti, mito na milima. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka wa 1930, ameandamwa sana na mgawo huu. Naona haumfai hata kidogo.

Kwanza nimtambulishe kwa wasiomjua. Alisomea uchoraji katika chuo cha Slade, London, kati ya 1954 na 1957. Aliporejea Khartoum akaonyesha picha zake, watu wake hawakuzijali. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini akitazama hati za Kiarabu, mapambo na kazi za mikono za wanavijiji. Huko ndiko alikoipata lugha yake ya uchoraji. Mwaka wa 1975, akiwa afisa mkuu katika masuala ya utamaduni, serikali ya Jaafar Nimeiri ilimtia ndani kwa madai ya kuhusika na jaribio la mapinduzi. Alikaa katika gereza la Kober zaidi ya miezi sita bila kesi.

Kober hawakuruhusu kalamu wala karatasi. Aliyepatikana navyo alifungiwa peke yake. El-Salahi amesimulia mara nyingi jinsi alivyochora kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kwenye karatasi za chooni, na Ngugi wa Thiong’o akaandikia riwaya kwenye karatasi hizo hizo Kamiti mwaka wa 1978. Lakini kuna tofauti. Shairi waweza kulihifadhi kichwani, likatoka nawe mlangoni askari akikutazama. Mchoro, wapi! Usipokuwa kwenye karatasi haupo.

Kwa hiyo alichotoka nacho El-Salahi ni mbinu. Amewahi kueleza kwamba huanza na kiini kidogo, kisha huongeza kipande kando yake, na kingine, bila kujua picha itaishia wapi. The Inevitable (nami ningeiita Lisiloepukika) aliijenga hivyo hivyo, kwa wino mweusi kwenye vipande tisa, mnamo 1984 na 1985. Humo mna miili iliyosongamana na ngumi zilizoinuliwa. Aprili 1985 maandamano ya umma yakamng’oa Nimeiri, na wahakiki wameifananisha picha hiyo na Guernica ya Picasso. Mlinganisho huu naona ni wa haraka mno. Picha ya Picasso inalia juu ya mji ulioshambuliwa kwa mabomu, ilhali ya El-Salahi inawasubiri watu wanaokuja.

Sasa hebu tuutazame mti. Kwenye kingo za Nile huota haraz, mti wa jamii ya migunga ambao wataalamu huuita Faidherbia albida. Mvua ikinyesha na kila kitu kikawa kijani, haraz hupukutisha majani na kubaki mkavu. Kiangazi kikija, wenzake wakikauka, wenyewe huchanua. Wasudani husema mti huu umegombana na mvua. El-Salahi ameuchora miaka nenda miaka rudi, hadi katika baadhi ya picha hakuna tena shina wala tawi unaloweza kulinyoshea kidole, bali mistari wima na miraba ya rangi iliyopangwa kama nguo ya kufumwa. Hii ndiyo mandhari nusu dhahania: jicho linajua kuna mti, ila haliambiwi uko wapi.

Mwenyewe anaeleza kwamba haraz ni mtu mwenye msimamo wake, asiyefuata mkumbo. Ufafanuzi huu unapendeza, na bila shaka wanafunzi wangu wangeunakili mara moja chini ya “ishara” na kugeuza ukurasa. Ila nadhani mti wake unasema zaidi ya anavyosema yeye. Muulize mkulima kwa nini hamkati haraz aliye katikati ya shamba lake la mtama. Atakwambia kwamba majani yakianguka hurutubisha udongo, na mti usio na majani msimu wa mvua hauinyimi mimea jua. Wakati wa ukame mifugo hula matunda yake. Basi ukaidi wa haraz unalisha majirani. Tafsiri ya mtu mmoja mshupavu dhidi ya wengi inauacha upande huu wote nje, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, siasa ilipo.

Nayasema haya kwa sababu ya Sudan ya leo. Ngumi za The Inevitable zilifaa 1985, zikafaa tena Aprili 2019 Omar al-Bashir alipoangushwa. Lakini vita vilivyozuka Aprili 2023 ni vya wenye bunduki wawili wanaogombania nchi, na raia amebanwa katikati. Ngumi ya raia hapo imwelekee nani? Picha ya umma unaomkabili mtawala mmoja haina jibu la swali hilo. Mti unaobaki kijani wakati kila kitu kimekauka, na kuwalisha walio chini yake, unaniambia zaidi kuhusu wanaopikiana chakula mitaani Khartoum.

Uzeeni, maradhi na maumivu ya mgongo yakimbana kwenye kiti huko Oxford, El-Salahi alianza mfululizo alioupa jina Pain Relief, yaani kutuliza maumivu. Alichora kwa kalamu kwenye pakiti za dawa zake na bahasha kuukuu, zozote zilizokuwa karibu na mkono. Baadhi ya michoro hiyo imekuzwa kwenye turubai kubwa, na ukiisogelea utaona bado mikunjo ya pakiti.