Mbwa Wakinyamaza

Nimesoma Winterdance ya Gary Paulsen mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: mwanzo wa mbio. Kitabu kilitoka 1994, na kinahusu Iditarod, mbio za mbwa wanaovuta sleji huko Alaska, ambazo Paulsen alishiriki mara ya kwanza 1983. Kutoka Anchorage hadi Nome ni zaidi ya kilomita 1,500. Mimi leo nataka tuzungumzie zile dakika chache za kwanza tu.

Hebu piga picha. Fourth Avenue, katikati ya mji, theluji imeletwa kwa malori ikamwagwa juu ya lami. Makundi yanaachiwa moja moja, kila baada ya dakika mbili. Namba 1 hapewi mshindani, ni ya heshima, kwa hiyo wa kwanza kuondoka anavaa namba 2. Mbwa wanabweka, wanaruka, wanatafuna kamba. Wasaidizi wamewang'ang'ania wasichomoke. Kisha wanaachiwa, na kelele zote zinakatika ghafla. Zinabaki pumzi na mchakacho wa sleji.

Kwenye sleji hakuna hatamu. Mwendeshaji ana sauti yake, breki, na nanga ya chuma ya kuchomeka kwenye theluji. Basi. Mbwa wa mbele akikata kona isiyo yake, unakwenda naye. Ndivyo yalivyomkuta Paulsen: mbwa wake wanapotea naye humo humo mjini. Tunacheka, lakini tayari ametueleza kitabu chake chote: anayeitwa mwendeshaji ndiye anayeendeshwa.

Linganisha na Jack London katika The Call of the Wild (1903). Buck anang'oa sleji yenye ratili 1,000 za unga, iliyogandia kwenye barafu, kwa sababu Thornton ameweka dau. Tukio linasisimua, sibishi. Ila Buck anavuta kwa kumpenda mtu. Mbwa wa Paulsen wanavuta kwa sababu wanataka kukimbia, na mtu amedandia tu.

Sasa, nani amesema wanataka? Si Paulsen mwenyewe? Hapa ndipo usomaji wangu wa pili ulipotofautiana na wa kwanza. Watetezi wa wanyama wamezipinga mbio hizi kwa miaka mingi, wakitaja mbwa waliofia njiani. Zile kelele za mwanzoni, mimi niliye mbali naambiwa ni hamu, na anayeniambia ndiye anayevutwa. Mara ya kwanza nilimeza tu. Ucheshi wake ni mtamu mno, unakusahaulisha kuuliza.

Hata hivyo simtupi. Mwandishi mwongo angejipa ushujaa. Huyu anajipa aibu ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wa kitabu moyo wake mgonjwa unamlazimu kuachana na mbwa. Anahuzunika kama aliyefukuzwa nyumbani. Huo si ushahidi kwamba mbwa walifurahi. Ni ushahidi kwamba aliwaangalia kwa makini, na kwangu hilo linatosha kumsoma, halitoshi kumwachia neno la mwisho.

Anayetaka kuonja kwanza aanze na Woodsong (1990), fupi zaidi, aliyowaandikia vijana. Kisha aje Winterdance, na akifika kwenye mwanzo wa mbio asiharakishe.