Hofu ya Bei Nafuu: Mwongozo wa Mtazamaji wa Mwiki

Filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa pesa kidogo ipime kwa masikio kabla hujaipima kwa macho. Hapa Mwiki, upande huu wa Ruiru unaopakana na Kasarani, wengi hufanya kinyume. Picha ikiwa na chenga kidogo, au zimwi likitokea limevaa gunia, hukumu imeshatoka na mtu anadai arudishiwe pesa zake. Chenga husameheka. Filamu iliyopigwa kwa simu inaweza kukunyima usingizi wiki nzima, ilhali iliyonaswa sauti ovyo haimtishi hata mtoto aliyetumwa dukani gizani.

Chukua tukio la kawaida. Msichana yuko peke yake chumbani usiku wa manane, anasikia hatua za mtu kwenye ngazi. Mwongozaji asiye na studio amepiga tukio hilo kwenye ploti ya mawe hapa hapa mtaani, kwa hiyo usiku wake umejaa kila kitu: honi ya matatu ya mwisho, mbwa wa jirani, spika za kesha la Ijumaa. Sasa tega sikio pale mhariri alipounganisha vipande viwili. Msichana akisema, kwa mbali waumini wanaimba. Kamera ikihamia mlangoni, waumini kimya. Ikirudi kwake, wameanza tena, tena katikati ya neno. Mtazamaji huenda asiweze kueleza kilichomsumbua, lakini tayari ameacha kuamini kwamba kuna chumba. Anachokiona ni watu na kamera yao. Fundi anayejiheshimu huwaomba wenzake wanyamaze dakika moja baada ya kupiga tukio, anarekodi kimya cha chumba kile kile, kisha anakitandaza chini ya vipande vyote. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi. Fundi aliyebobea huenda mbali zaidi: analiacha kesha liimbe, tunalizoea, tunalisahau, halafu linanyamaza lote kwa pamoja katikati ya pambio. Watu hukaa wima kwenye mabenchi bila kuambiwa.

Kwa hiyo jaribu hivi: fumba macho kwa dakika chache. Kama bado unajua nani yuko karibu, nani yuko nje ya mlango na mlango wenyewe ni wa chuma au wa mbao, uko mikononi mwa fundi. Ukisikia fidla zinalia mwanzo hadi mwisho, ujue kuna mtu anaficha kitu. Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa nyumbani kwa mwongozaji wake, Oren Peli, huko San Diego, kwa takriban dola 15,000, na sehemu kubwa ya hofu yake ni mvumo mzito wa chini unaotangulia kila balaa. Baada ya mara ya pili, mvumo ule peke yake unatosha kumtoa mtu kijasho chembamba.

Hapa pana jambo ambalo sisi wa vibanda vya video tunapaswa kuliangalia kwa makini. Tumelelewa na sauti ya msimulizi anayezungumza juu ya filamu. DJ Afro ametufanya tupende filamu za Kichina na za Kihindi ambazo bila yeye tungezipita, na Tanzania walikuwa na Lufufu wao. Mpigano huvumilia maneno, hata hunoga kwayo. Hofu haivumilii. Msimulizi akishasema "sasa huyu jamaa hajui kuna kitu nyuma ya pazia," tukio limekwisha kabla halijaanza. Ukitaka kutoa maoni ya haki juu ya filamu ya kutisha, itazame isiyosimuliwa. Kuna hali moja tu ninayoijua ambapo msimulizi ni sehemu ya kazi yenyewe, nayo ni ile ya Wakaliga, Kampala. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ya Isaac Nabwana, ina VJ Emmie anayetania na kushangilia juu ya picha. Ile, hata hivyo, ni filamu ya mapigano na kicheko, na haidai kumtisha mtu yeyote.

Wale wa Wakaliga wametufundisha jambo jingine, la damu. Walijaza rangi nyekundu ya chakula ndani ya kondomu, wakazifunga kifuani mwa mwigizaji, zikapasuliwa risasi ilipolia. Na kabla yao, mwaka 1968, George Romero alitumia sharubati ya chokoleti katika Night of the Living Dead; filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, basi nani angejua? Damu ya bandia haihitaji pesa, inahitaji macho. Niliwahi kukaa nyuma ya kijana aliyekuwa akimwonyesha bibi yake muvi kwenye simu ndani ya matatu ya kuelekea Githurai. "Shosho, usiogope, hiyo ni rangi tu," kijana akasema. "Ningeogopaje?" shosho akajibu. "Amekatwa jana jioni na bado inang'aa. Nimechinja kuku, najua." Hakuna mhakiki anayeweza kumwongezea neno. Damu hukauka, hugeuka kahawia, hukaza kitambaa. Angalia shati la mhusika katika tukio linalofuata. Likiwa na wekundu ule ule wa sosi ya nyanya asubuhi ya pili, hakuna aliyekuwa akifuatilia kazi, na utakuta uzembe huo huo kwenye mambo mengine pia.

Giza nalo lina alama zake. Mwongozaji akiogopa kupiga usiku hupiga mchana kisha anaitia picha rangi ya bluu. Tazama ardhini: vivuli vikiwa vifupi na vikali, hilo ni jua la saa saba mchana lililovishwa kanzu. Afadhali tochi moja ya simu, mkono unaotetemeka na weusi mtupu pande zote. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilipigwa kwa makumi machache ya maelfu ya dola, msituni, na mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Asiye na pesa za kumtengeneza mchawi amepewa ruhusa ya kutomwonyesha, na wengi wanaikataa ruhusa hiyo. Wanataka tuone meno ya plastiki. Wakishatuonyesha, tumewashinda.

Swali linaloulizwa kwa sauti kubwa zaidi kibandani ni hili: mbona hawatoroki? Linaulizwa kwa dharau, lakini ni swali la msingi, na mwandishi mzuri hulijibu kabla halijaulizwa. Mwandishi mvivu humwacha mhusika akimbilie juu ghorofani kwa sababu Wamarekani walifanya hivyo. Aliyeishi Mwiki anazo sababu tele. Geti la ploti limefungwa na ufunguo uko kwa keateka, ambaye simu yake imezimwa. Stima imepotea, chaji imebaki kidogo. Na kesho yake asubuhi, anapoweza kuondoka, kuna ile depoziti ya nyumba. Nani ataacha depoziti ya mwezi mzima mikononi mwa landilodi kwa sababu ya mzuka? Siijui filamu iliyoitumia depoziti hiyo kama kufuli, na nashangaa, maana hakuna mpangaji wa Thika Road asiyeielewa hofu hiyo.

Kiumbe chenyewe kiulizwe kimetoka wapi. Vampaya mwenye koti refu Ruiru ni mgeni asiye na shughuli. Hadithi za Wagikuyu zina irimu, zimwi linalojifanya kijana mtanashati huku mdomo wa pili umefichwa kisogoni chini ya nywele. Kiumbe wa aina hii hahitaji kompyuta, anahitaji mwigizaji asiyegeuka. Pwani wana majini wenye kwato. Pemba walipata taharuki ya kweli ya Popobawa mwaka 1995, watu wakalala nje kwa makundi. Mussa Banzi wa Tanzania aliufuata mkondo huo wa jini na mila katika Nsyuka na Shumileta, na ukizitazama leo, picha zimechakaa ila kiini bado kina nguvu, kwa sababu watazamaji wake walikuwa wanamwogopa kiumbe huyo kabla Banzi hajaweka kamera. Kenya tulijaribu na Otto: The Bloodbath mwaka 2008. Ni machache mno tuliyofuatisha.

Kuhusu waigizaji nitasema machache. Wengi wametokea kwenye michezo ya vitabu vya shule, wamezoea kumfikia mwanafunzi wa benchi la mwisho, kwa hiyo wanapaza sauti na kutumbua macho. Mpe alama za juu yule anayepunguza.

Sasa maoni ya watazamaji wenzako. Usiyapuuze, ila yapepete. Kampuni ya CinemaScore huko Marekani huwauliza watu maoni yao wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza. The Blair Witch Project ilipewa C+. Hereditary ya mwaka 2018 ikapata D+, huku wahakiki wakiisifu. Watu hao hawakusema uongo. Walitarajia kitu kingine, wakatoa alama ya tamaa iliyovunjika. Anayesema "hakuna kilichotokea" mara nyingi anakuambia kwamba kitu hakikuonekana. Anayesema "ilikuwa ndefu" msikilize, kwa kuwa filamu ya kutisha ikichosha imeshindwa kazi yake. Anayeisifu sana kwa kuwa binamu yake ameigiza humo, mshukuru, ondoka.

Kuliko maneno, mimi huamini kicheko. Kipo kicheko cha kejeli, kinachoanza kabla ya tukio kwisha na kuambatana na vijembe. Filamu imekufa hapo. Na kipo kile kinachopasuka sekunde mbili baada ya mshtuko, kifupi, cha pamoja, watu wakigeukiana. Hicho ni ushahidi kwamba walikuwa wameshikwa. Ukumbi ukicheka hivyo mara tatu kwa filamu nzima, mwongozaji anastahili pesa yako ya filamu inayofuata.

Limebaki suala la mwisho wa hadithi, ambapo kazi nyingi nzuri huharibikia. Mchungaji anaingia na Biblia, anakemea, moshi unatoka, watu wanakumbatiana. Sina tatizo na mchungaji. Katika mitaa yetu ndiye atakayeitwa kwanza, na filamu isiyomwita ingekuwa ya uongo. Tatizo ni akishinda kwa dakika mbili bila gharama yoyote. Muulize mwandishi: mchungaji amepoteza nini? Na kama badala ya mwisho unaandikiwa "Sehemu ya Pili inakuja," mtindo tuliouzoea enzi za sidii za Bongo zilizouzwa vipande viwili, hesabu ni maswali mangapi yameachwa wazi. Likiwa moja, subiri. Yakiwa yote, hiyo sehemu ya pili wala usiinunue.