Mangaaka na Misumari Yake

Mangaaka ilikuwa nguvu iliyoaminiwa kusimamia mapatano na hukumu; sanamu yake, ambayo Wakongo wa pwani ya Loango na bonde la mto Chiloango waliitengeneza katika nusu ya pili ya karne ya 19, ni kazi ya mikono mingi iliyopokezana, na asiyepambanua zamu za mikono hiyo hatafahamu kwa nini umbo lile la mti, lenye kimo cha zaidi ya mita 1, lilisheheni chuma kifuani na mabegani hali uso wake umeachwa bila msumari hata mmoja.

Aliyetangulia ni mchongaji. Katika gogo moja alitoa kiwiliwili kilichoinama mbele kidogo, mikono imeshika kiuno kama mtu anayemkabili hasimu wake, macho yakawa ya kauri nyeupe, na tumboni akafukua tundu. Hapo shughuli yake ilikoma, na kwa itikadi ya wenyewe kitu kile kilikuwa bado mti mtupu. Aliyekitia nguvu ni mganga, aliyelijaza tundu hilo dawa, na miongoni mwazo udongo mweupe unaonasibishwa na nchi ya wafu, kisha akaziba kwa ulimbo na kauri kubwa ya baharini.

Ndipo ilipowadia zamu ya umma, nayo, kwa nadhari yangu, ndiyo iliyo na uzito kuliko zote. Waliopatana katika biashara, waliosuluhishwa baada ya ugomvi, na waliomwapiza mwizi asiyejulikana, wote walifika mbele ya Mangaaka, na kila shauri likapigiliwa chuma chake, pengine kimefungwa kitambaa ili nguvu ile isije ikasahau mhusika ni nani. Kwa hiyo kiwiliwili kile kilikuwa mithili ya daftari la kadhi, ila lisiloweza kughushiwa. Vyuma vyenyewe havifanani: ipo misumari iliyoletwa na merikebu za Wazungu, na vipo vipande bapa vilivyofuliwa na wahunzi wa huko huko. Mpangilio wa vyuma hivyo haukuchorwa na mtu yeyote, walakini mchongaji aliutazamia tangu mwanzo, kwani alikiacha kifua kipana bila nakshi, akaimaliza ghera yake yote usoni. (Wanaousifu uso huo peke yake, wakauona ule msitu wa chuma kuwa ni ushenzi, wamesoma jalada wakaacha kitabu.)

Maofisa wa kikoloni walipotambua kwamba hukumu za Mangaaka zilitiiwa kuliko amri zao, walianza kuziteka sanamu za namna hiyo, na takriban 20 zimesalia leo, nyingi katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 2015 katika makumbusho ya Metropolitan, New York, ulidhihirisha kuwa baadhi yake zilitolewa dawa kwa makusudi kabla ya kukabidhiwa: waganga walifungua tumbo, wakachukua kilicho chao, na mtekaji akaondoka na mti na chuma.