Picha Irudi kwa Waliomo: Uchambuzi wa Kazi ya Boniface Mwangi

Picha za wafungwa wa Vita vya Maji Maji zinazochapishwa mara nyingi zilipigwa na upande uliowafunga. Wanaume wamepangwa mstari, minyororo shingoni, macho yameelekea kamera ambayo hawakuiita. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa Songea, na kila inapofika tarehe hiyo tunawakumbuka pale Makumbusho ya Maji Maji, Mahenge, hapohapo Songea. Picha zenyewe zilikwenda Ujerumani. Hazikupigwa ili wajane wao wazione.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mpigapicha wa harakati za wananchi linahusu safari ya picha: ilitoka kwa nani, ikamfikia nani? Kamera na lenzi huja baadaye. Kwa kipimo hicho kazi ya Boniface Mwangi wa Kenya inastahili kufunguliwa kama fundi anavyofungua injini, hata na sisi wa Namasakata ambao habari za maandamano ya Nairobi hutufikia kwa redio na simu.

Mwangi alizaliwa mwaka 1983 Taveta, ng'ambo tu ya mpaka wa Holili. Mama yake alikuwa mchuuzi, naye mwenyewe aliuza vitabu barabarani kabla ya kushika kamera. Aliyemvuta kwenye kazi hii ni Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha humo kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Amin ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia kule Korem, zikarushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na mwaka uliofuata dunia ikachanga fedha kwenye tamasha la Live Aid. Kwa Amin, picha ilitoka kwa mwenye shida ikaenda kwa mwenye uwezo wa kusaidia. Ilifanya kazi kubwa, na sitaki kuipunguza. Mwangi alijifunza kwa mfano wa mtu huyo, kisha akaigeuza njia.

Alikuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipoiwasha Kenya. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Picha zake za wiki zile zinaonyesha mapanga, mishale, moto na maiti, na nyingi zimepigwa kwa ukaribu unaomtia mtazamaji hofu. Ukaribu huo ni uamuzi wa kifundi. Lenzi ndefu, tuseme ya milimita 200, humwezesha mpigapicha kusimama mbali, lakini huwabana watu pamoja: kundi la watu 30 barabarani huonekana kama bahari ya watu. Lenzi pana ya milimita 24 au 35 haina msaada huo. Usiposogea hadi hatua chache tu kutoka kwa mtu, unapata vichwa vidogo na anga tupu. Ukisogea, unapata uso, mkono wenye silaha, na nyuma yake nyumba, duka na jirani anayechungulia. Mtazamaji anaelewa tukio lilitokea mtaa gani, na kwamba waliokuwepo walijuana. Kwa ghasia za majirani dhidi ya majirani, taarifa hiyo ndiyo kiini cha habari.

Ukaribu huo ulimgharimu. Mwangi ameeleza wazi jinsi aliyoyaona yalivyomwumiza akili, na jinsi hasira ilivyompanda alipotumwa tena kuwapiga picha wanasiasa walewale waliogombania uchaguzi ule, sasa wakiwa wameketi pamoja serikalini. Tarehe 1 Juni 2009, sikukuu ya Madaraka, alisimama uwanja wa Nyayo akamzomea Rais Mwai Kibaki. Alipigwa, akakamatwa. Kazi ya gazeti aliiacha.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa mchango wake mkubwa kuliko picha yoyote moja: Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka miji ya Kenya. Gazeti huishi siku moja, kesho linafungia vitumbua. Tena mhariri huchagua picha moja kati ya mamia, na mara nyingi huchagua ile isiyomkwaza mtu mzito. Ukumbi wa sanaa nao una mlango, mlinzi na wageni wenye viatu vilivyong'arishwa. Mwangi na wenzake walizichapisha picha kwa ukubwa, wakazisimamisha wazi barabarani, bila kiingilio, kwenye miji ileile iliyotoa maiti.

Tuangalie mpango huu unavyofanya kazi. Picha kubwa inayosimama usawa wa macho humlazimisha mpita njia kusimama. Hawezi kuikunja wala kuigeuza ukurasa. Mtu anaitazama akiwa amezungukwa na wengine, kwa hiyo aliyepoteza nduguye na aliyebeba panga wanaweza kujikuta mbele ya picha moja, saa moja, mchana kweupe. Hapo ndipo maneno huanza kutoka, na waandaaji walijua hilo: walitenga nafasi ya watu kukaa na kuzungumza, vijana wakiongoza mjadala. Picha bila mazungumzo ingeweza kuchokonoa kidonda na kukiacha wazi. Nimeona maonyesho mengi yenye picha nzuri ambayo hayakufikiria kabisa mtazamaji atakwenda wapi na uchungu wake. Haya yalifikiria.

Mwaka 2011 alianzisha PAWA254 jijini Nairobi, mahali pa wapigapicha, wachoraji na wanaharakati kufanya kazi pamoja. Kutoka hapo aliingia hatua ya tatu, ambayo wapigapicha wa shule ya zamani hawaipendi: akaanza kutengeneza tukio lenyewe kwa jicho la mpigapicha. Juni 2012 waandamanaji walibeba majeneza meusi 49 hadi Bunge la Kenya. Mei 2013, wabunge walipotaka kujiongezea mishahara, nguruwe walifunguliwa na damu ikamwagwa langoni mwa Bunge. Angalia ufundi wa majeneza: rangi moja, umbo moja, limerudiwa mara 49, idadi inayolingana na miaka ya uhuru. Hata picha ikipunguzwa iwe ya ukubwa wa stempu, ujumbe unabaki. Mtu asiyejua kusoma anaelewa.

Lakini kuna bei. Aliyebuni jeneza hawezi tena kusema yeye ni shahidi tu, na sura ya mpigapicha ikishakuwa bango, kamera zinamgeukia yeye badala ya wananchi. Mei 2025 alikamatwa Dar es Salaam alikokuja kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, na baada ya kuachwa mpakani alisema aliteswa kizuizini, madai ambayo polisi hawakuyakubali. Mimi naona alikuwa na haki ya kuvuka kutoka ushahidi kwenda uanaharakati, mradi hakuficha kwamba amevuka. Hakuficha.

Ninapotaka tuwe wakali zaidi ni kwenye nyuso. Mwaka 2008 picha ya uso ilikuwa hatari kwa jirani anayekutambua. Leo programu ya kompyuta inaweza kumtambua mtu asiyejulikana na yeyote mtaani. Baada ya maandamano ya vijana wa Kenya ya Juni 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo iliorodhesha visa zaidi ya 80 vya utekaji. Mwenye simu anayepiga mkutano wa wakulima au mgomo lazima ajue kwamba faili la picha linaweza kubeba saa na mahali pa tukio ndani yake. Zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga. Kabla ya kusambaza, mfunike uso mtu aliye hatarini kwa kuupaka rangi nzito isiyopenyeka, kwa sababu ukungu mwepesi wakati mwingine huweza kufichuliwa. Nakala halisi ibaki kwako, haijaguswa, mahali salama, kwani hiyo ndiyo ushahidi siku ukihitajika. Na andika tarehe, mahali na kilichotokea siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachuja.

Huku kwetu Ruvuma hatuhitaji kusubiri machafuko ndipo tuanze. Wakulima wakikusanyika kwenye ghala la chama cha msingi siku ya mnada wa korosho, wakibishana kuhusu bei, makato na malipo yaliyochelewa, hayo ni maisha ya umma na yanastahili kuwekwa kwenye picha na mtu wa hapahapa. Vijana wa Namasakata wenye simu, nawaomba: pigeni, waombeni ridhaa waliomo, ipeni taarifa serikali ya kijiji, kisha mchapishe picha kumi tu kwa ukubwa na mzitundike ukutani mwa ghala siku ya mnada, wakulima waanze kuziona wao kabla ya mtu mwingine yeyote.